Bega la Asio

Sigalame,
3 Februari 1974

Kwa Mama Mkwe,

Nakusalimu kwa heshima, nikigeuza uso pembeni hata kwenye karatasi. Je, magoti bado yanakusumbua? Sisi wazima. Binti yako Asio anakusalimu, tumbo limekua na hasira pia zimekua.

Mama, kiboko wa mto Sio anatumalizia muhogo. Bunduki ya marehemu Baba Mkwe ninayo, cheti kimeandikwa jina langu, na chifu amenipa ruhusa. Lakini kwenye matete hakuna mti wa kuegemeza bunduki, na ukilala chini huoni kitu. Ni kusimama wima tu. Nikiinua, mtutu unayumba kama mlevi wa busaa. Baba alifanyaje?

Mkwe wako,
Okwara

Malaba,
19 Februari 1974

Mkwe wangu Okwara,

Barua nimeipata, asante kwa kunikumbuka. Magoti ni ya uzee, hayana dawa. Mwambie Asio apunguze hasira, mimba si vita.

Baba yenu alikuwa akijizoeza kila asubuhi nyuma ya jiko, bunduki tupu, akilenga kibuyu juu ya nguzo. Miguu aliipanua kidogo. Kiwiko cha kushoto alikibana mbavuni. Alivuta pumzi, akatoa nusu, akatulia. Mtutu usiulazimishe kusimama, maana hautasimama. Ungoje upite polepole juu ya shabaha, ndipo ubonyeze. Mkono ukichoka, shusha uanze upya. Usione haya kushusha.

Mama mkwe wako

Sigalame,
10 Machi 1974

Kwa Mama Mkwe,

Natumaini umeamka salama huko, na kwamba mvua imefika. Kwetu imeanza.

Nimejizoeza mpaka kuku wamenizoea. Siku nyingine nakipata kibuyu, siku nyingine napasua hewa. Juzi Asio alinitazama, akacheka, akaja kusimama mbele yangu. Akaniambia, "Weka hapa." Nikaegemeza mtutu begani kwake, nao ukatulia kabisa. Kibuyu kikapasuka! Mama, sikujua ni rahisi hivyo. Yeye mwenyewe amesema tutaenda wote mtoni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mkwe wako,
Okwara

Malaba,
16 Machi 1974

Okwara,

Salamu baadaye. Barua hii nampa Bashir wa lori aifikishe Busia leo, na kutoka huko atafute mtu wa kuja Sigalame.

Usimpeleke mtoto wangu. Baba yenu alijizoeza peke yake, lakini porini alinichukua mimi. Bega lililosifiwa kwa shabaha zake ni hili langu. Sikio langu la kulia halisikii kitu tangu Asio akiwa mdogo. Ukinena upande huo, ni kama unanena na ukuta. Na huyo aliye tumboni mwa Asio hana vidole vya kuziba masikio.

Tena mnyama akikurukia, wewe una bunduki. Asio atakuwa na nini? Kama huwezi kusimama peke yako, kaa nyumbani. Muhogo utapandwa tena. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Mama mkwe wako

Sigalame,
14 Aprili 1974

Kwa Mama Mkwe,

Unisamehe kwa kunyamaza. Asio mzima, na mtoto anacheza tumboni. Nilimwacha nyumbani kama ulivyosema, akanuna.

Nilikwenda peke yangu alfajiri. Wanaume wa kijiji walinifuata, wakasimama juu ya kichuguu. Kiboko akatoka shambani akielekea majini, ubavu wote wazi mbele yangu. Nikainua. Mtutu ukayumba. Nikangoja, haukutulia, moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye vidole. Nikashusha. Nikainua tena. Mmoja wao, Barasa, akapiga kelele, "Piga basi, boss! Unangoja akusalimie?" Wakacheka wote. Nikashusha tena, naye akaingia majini taratibu, hana habari na mimi.

Sasa naitwa Bwana Kibuyu. Muhogo umekwisha wote, na mtama wa jirani pia. Asio hanisemeshi vizuri. Naona aibu hata kukuandikia, Mama. Najiuliza kama nirudi mtoni wakiwa wanatazama, nimalize maneno.

Mkwe wako,
Okwara

Malaba,
21 Aprili 1974

Mwanangu Okwara,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Bashir alipokuja na barua nilikaa chini kwanza kabla ya kuifungua.

Sikiliza nikuambie siku ile ya baba yenu. Nilikuwa nimejifungua Adeke, mdogo wake Asio, nisingeweza kutoka. Alikwenda peke yake, na watu walikuwepo wakitazama. Aliinua, mtutu ukayumba, akashusha. Mtu mmoja akacheka. Basi akainua tena akafyatua, akamjeruhi nyati tu, naye nyati akamgeukia. Jioni waliniletea mume wangu juu ya mlango uliong'olewa, na yule aliyecheka ndiye aliyeshika upande wa kichwa, akilia kuliko wote.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nyumba yangu ilipata kilio, nimekaa nacho miaka yote hii, na nakuambia sikipendi. Usirudi mtoni.

Natuma gunia la mtama kwa lori la Bashir. Asio asage, apike uji mwingi, muwaite Barasa na wenzake. Wakae hapo kwako wacheke mpaka washibe, na wewe uketi katikati yao.

Mama yako