Siku Walipovunja Maabara

Mbeya,
14 Juni 2024

Dada yangu Eveline,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ipogolo, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena.

Shemeji Filemoni alitolewa nyuzi za kichwani jana. Jicho la kushoto linaona. Taya bado limefungwa waya, na vile vidole viwili vya mkono wa kulia ndiyo hivyo, havipo.

Kazi yetu unaijua. Tunachukua uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, tunaupenyeza kwenye ubongo wa panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, upime dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari. Shida ni kwamba baada ya dakika chache ncha hugandwa na protini, haipimi tena. Mwaka mzima shemeji alihangaika kuipaka utando wa kuikinga. Jumanne ile ncha yake ilipima masaa manne mfululizo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Hatujamaliza kuosha vyombo, mawe yakaanza kuvunja madirisha. Blessing, mtoto wa jirani, alikuwa amepotea siku mbili, na watu walishaambiana kwamba sisi ndio tunaotoa ubongo wa watoto. Walikuwa wakipiga kelele, "Chinjachinja! Watoeni!" Mlango ukapasuliwa kwa shoka. Panya waliwaponda humo humo kwenye vizimba, damu ikaruka hadi ukutani.

Shemeji walimburuta kutoka stoo, wakampiga kwa mipini ya majembe. Taya lilipovunjika nililisikia. Aliinua mkono kujikinga, panga likaondoka na vidole. Walikuwa wameshammwagia petroli, ndipo polisi wakafika wakifyatua risasi hewani. Blessing alikutwa jioni hiyo hiyo kwa shangazi yake kule Mbalizi, mzima kabisa.

Dada, nilikuambia walimkuta stoo wenyewe. Si kweli. Walinishika mimi kwanza. Mwanamume mmoja alinikanyaga shingo, akaniwekea panga shavuni, akauliza, "Nani anapasua vichwa humu?" Nikasema, "Si mimi. Ni Filemoni, yuko stoo." Nikawaonyesha kwa kidole. Hawakujua kama kuna stoo.

Yeye alisikia yote. Ule ukuta ni wa mbao. Juzi nilimwomba msamaha huku namnywesha uji kwa mrija. Aliomba karatasi kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto: "Mwambie Eveline wewe mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Ndiyo nimekuambia. Anaruhusiwa kutoka hospitali Alhamisi, nitamleta kwa basi la asubuhi. Mpokee mumeo pale stendi ya Ipogolo. Mimi usiponiita jina sitashuka, nitaendelea na basi.

Msalimie mama, ila barua usimsomee.

Mdogo wako,
Goodness Kalinga