Gari la Sita

Sokon One, Arusha
11 Machi 1996

Dada yangu mpendwa Anande,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Babati, wewe, shemeji Hans na watoto. Mama naye, hapo kwenu, nasikia mgongo umepata nafuu, namshukuru Mungu. Mimi mwili haujambo. Chumba ni kilekile, na jirani yangu Aika bado ananiletea ndizi akidhani wasomi hawajui kupika. Hajakosea. Siku nyingine yeye ndiye mtu pekee ninayeongea naye.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwa maringo. Leo nakueleza vizuri. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, magari ya mitumba yamejaa barabara ya Moshi. Mimi hukaa Kikatiti na saa na penseli, karibu na mawe mawili niliyoyapaka chokaa, naandika kila gari limeyapita saa ngapi na kwa mwendo gani. Sisi wa fizikia hatuwezi kufuata kila chembe ya hewa, kwa hiyo tunazihesabu zikiwa nyingi na kutafuta kanuni ya zote pamoja. Magari nayo ni hivyohivyo. Foleni haihitaji ajali, dada. Dereva mmoja akigusa breki, wa nyuma yake atakanyaga zaidi, na wa nyuma zaidi, mpaka wa mwisho anasimama kabisa asijue kwa nini.

Baba hakuipenda kazi hii. Alitaka nikae naye dukani niuze vipuri. Aliniambia kwamba anayehesabu magari ya wenzake atazeeka akitembea kwa miguu. Nilimjibu vibaya, unakumbuka, na mwaka mzima hatukusemeshana. Duka lake na chumba changu ni mwendo wa dakika ishirini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Niliwaandikia kwamba habari ya msiba wa Baba ilinifikia baada ya mazishi. Mama akanitetea mbele ya ukoo mzima. Dada, nilisema uongo. Elieshi wa dukani alikuja mwenyewe Jumanne asubuhi, akaniambia Baba amefariki na Alhamisi atapelekwa Machame kuzikwa. Niliona aibu kufika hospitali na kukutana na macho yenu. Nikajidanganya kwamba nitawasubiri Kikatiti, niinue mkono, mnichukue.

Mlikuja saa nne na nusu, magari kumi na tisa, taa zimewashwa mchana, magari mengine yote yakiwapisha pembeni. Mkono ulikataa kuinuka. Ukashika penseli, maana ndiyo kazi unayoijua. Nilimhesabu Baba, dada. Nilimwandika kama gari la kwanza.

Usiku ule sikuwa na machozi, lakini wiki iliyofuata nilipochora hesabu zile yalinitoka. Magari matano ya mbele yamefuatana kwa sekunde tatu tatu, sawasawa kabisa. La sita likapunguza mwendo kati ya mawe yangu. La saba likapunguza zaidi, na la nane, mpaka la kumi na tisa likasimama. Gari la sita ni pikapu ya shemeji, na wewe ulikaa upande wangu. Nilirudi kutafuta shimo au tuta mahali pale. Lami ni safi.

Nadhani uliniona. Kama ndivyo, umenibebea uongo huu wiki sita bila kusema neno, na sistahili.

Najua Pasaka mtapita na mama kwenda nyumbani Machame. Ijumaa Kuu asubuhi nitakuwa Kikatiti bila saa wala penseli. Nitashika jani la sale, nimpe mama mwenyewe na kumwomba msamaha kama desturi yetu inavyotaka. Mwambie shemeji apunguze mwendo tena. Safari hii mkono nitauinua.

Wabusu watoto, na umsalimie shemeji.

Mdogo wako,
Godwin