Kilo Thelathini na Moja Kichwani mwa Mama

Kimanga, Uvira, 11 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Osée,

Salamu za nyumbani zikukute mzima huko Lubumbashi, wewe na gitaa lako na wenzako wa bendi. Sisi tuko. Mama anakula vizuri, mgongo unamsumbua mvua ikikaribia. Ziwa limepanda mpaka nyuma ya choo cha Eliane, yule jirani muuza ndagala. Kwetu bado.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu message zangu unazijibu kwa kidole gumba. Nilikwambia Mama ana homa: kidole gumba. Nilikuuliza utakuja lini: kidole gumba. Karatasi haina hicho kidole.

Sasa sikiliza. Juzi kulikuwa na matanga hapa Kimanga. Mama alienda na gitaa lake kama anavyoenda tangu sisi hatujazaliwa, akaketi mkekani katikati ya wafiwa, akaanza kupiga. Mara vijana wa korali wakaingia na kinanda cha umeme, bafle mbili za kutolea sauti, ndefu kama mlango, na groupe, ile jenereta ya mafuta ya mazuti, inayonguruma uani. Vainqueur, mkubwa wao, akamwinamia: "Mama, weye pumzika sasa, siye tuko na mashine." Kwa heshima, eti. Mama alirudi nyumbani akalitundika gitaa kwenye msumari, na hajalishusha. Hakulia. Afadhali angelia.

Unajua kwamba mwezi wa nane tunaondoa matanga ya Mama mkubwa Consolate, kule Kiringye. Ndiye dada yake, ndiye aliyemfundisha gitaa. Mama aliniambia mara moja tu: "Minye nataka kumpigia Consolate mpaka mwisho." Lakini sauti ya gitaa tupu haifiki tena, watu wamekuwa wengi na masikio yamezoea kelele.

Nimefikiri kama fundi wa redio na simu nilivyo. Gitaa lenyewe nimeshalibandikia ndani kipaza sauti kidogo. Linalokosekana ni ampli ndogo ya kukuza sauti. Mwaka jana mhubiri mmoja wa njiani aliniletea ya kwake niitengeneze, ndogo kama tofali mbili, bafle na batri humo humo ndani. Mama aliijaribu hapa dukani. Aliiweka pajani kama mjukuu. Wateja waliokuwa wakipita walisimama, wakasogea, mwishowe wakachuchumaa. Hapo nikaelewa: kubwa inawasukuma watu nyuma, ndogo inawavuta. Na matanga si bar. Wafiwa wanakaa chini, basi sauti itoke chini, pale walipo.

Hapa Uvira na Bujumbura nimeitafuta nikaikosa. Huko kwenu zipo. Kwa hiyo nakutajia, usije ukasema hukuelewa: isizidi kilo mbili na nusu. Watt kumi zinatosha, kumi na tano ni sherehe. Batri iwe ndani, idumu saa sita. Iwe na mkanda wa begani. Mama aibebe mwenyewe, asimwombe kijana wa korali amsaidie.

Dada yako,
Honorine


Lubumbashi, 17 Machi 2024

Yaya Honorine,

Dada yangu mkubwa, nakusalimu kwa magoti yote mawili, maana barua yako ilinichapa kabla sijaketi. Mimi niko mzima, kazi iko, tunapiga kila mwisho wa juma.

Yaya, weye na kilo zako. Mungu angekuajiri, roho za watu ungezipima kwenye mizani ya Eliane.

Nimekusikia kuhusu Mama, na iliniuma. Huyo Vainqueur nitamfundisha adabu, na tena kwa kupitia masikio yake. Lakini hicho kitofali chako, yaya, kweli? Nimekaa miaka yote hii huku, halafu nimtumie Mama kitu ambacho watu watadhani ni redio ya kusikilizia habari? Watasema mtoto wa Mama Osée ameshindwa.

Niachie mimi. Mimi ndiye mpigaji, weye ni fundi. Kitakuja kwa treni hadi Kalemie, halafu kwa boti mpaka bandari ya Kalundu. Mwambie Mama ashushe gitaa.

Mdogo wako,
Osée


Kimanga, Uvira, 26 Mei 2024

Osée,

Salamu nakupa, kwa sababu tulilelewa kusalimu hata jirani tuliyegombana naye. Afya ya huku ndiyo habari yenyewe, ngoja ufike.

Kwanza, hakuna Mama Osée. Kuna Mama Honorine. Mimi ndiye wa kwanza, na jina hilo analitumia mtaa mzima.

Pili, kado yako, hiyo zawadi, ilifika siku niliyokuwa Kamanyola kununua batri. Ulijua sitakuwepo, nilikuandikia. Lakini wewe ulimpigia Vainqueur, ukamwambia akusanye wanawake wa korali waipokee kado barabarani, na wachukue video. Hukusahau desturi yetu, la, uliikumbuka vizuri sana: kado ya mtoto aliye mbali inabebwa na mama yake mzazi, kichwani, kwa nyimbo, kutoka barabarani mpaka sebuleni, na haigusi chini. Ikigusa chini, safari ya mtoto imeanguka.

Desturi hiyo ilitungwa kwa godoro, Osée. Kwa kitenge, kwa sufuria. Hakuna mkubwa wetu aliyewahi kufikiria ampli.

Nimeipima kwa Eliane, bila katoni: kilo thelathini na moja. Mama nimempima pia, kwa hasira, akiwa amevaa: kilo hamsini na mbili. Umemwekea Mama zaidi ya nusu ya Mama juu ya kichwa chake, na umri wake ni miaka sitini na sita.

Na alifika. Hilo ndilo linaloniunguza. Alivuka barabara, akapita kwa Eliane, akavuka mtaro, anacheka, wanawake wanapiga vigelegele. Mlangoni akasahau kwamba juu yake kuna mzigo unaozidi mlango. Ukagonga juu, ukainama. Eliane alimpigia kelele: "Achilia, Mama Honorine, achilia chini!" Hakuachilia. Aliweka mkono wa kushoto chini ya kado yako ili isiguse ardhi.

Haikugusa. Nimeikagua pande zote, haina hata mkwaruzo. Mkono umevunjika mahali pawili.

Mkono wa kushoto, Osée. Ule unaobana nyuzi. Wewe ndiye mpigaji, sina haja ya kukueleza.

Video nimeiona kwenye status yako. "Asante Mungu kwa mama." Inaishia mlangoni, Mama akiwa anacheka. Nani alikata hapo? Vainqueur hajui kukata video, nimemuuliza.

Hiyo ampli yako inataka umeme. Umeme wa Kimanga unakuja kama mgeni wa serikali, na Kiringye haujawahi kufika. Iko sebuleni. Mama ameifunika kwa kitambaa cheupe, ameweka maua ya plastiki juu, na mtu akiingia anasema, "Hiyo ni ya Osée." Ananikataza kukuandikia. Ndiyo maana naandikia dukani.

Honorine


Lubumbashi, 20 Juni 2024

Yaya,

Sijui nianze na salamu gani. Mama anaendeleaje? Nimepiga simu, anasema hajambo, ananiuliza kama nakula. Video nimeiondoa. Ni mimi niliyeikata.

Nataka ujue kitu. Siku moja huku nilienda kazini na ampli ndogo, ya rafiki. Mwenye bar akaishika kwa vidole viwili mbele ya wateja, akauliza: "Hii ni ya kuombea barabarani?" Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Tangu hapo nabeba kubwa, na mgongo wangu unalijua hilo. Niliposoma barua yako nilimwona Mama pale mkekani, Vainqueur amemwinamia, nikasema hapana, Mama yangu hatachekwa.

Sikujua mlango ungekuwa mfupi hivyo. Nilikuwa mtoto nilipotoka. Na weye yaya ulikuwa Kamanyola. Ungekuwepo ungezuia, sote tunajua.

Nitatuma nyingine, ndogo, ile uliyosema.

Mdogo wako,
Osée


Kimanga, Uvira, 14 Julai 2024

Osée,

Tuko salama. Plasta ya mkono wa Mama imetolewa.

Nilikuwa Kamanyola, ndiyo. Nilienda kutafuta batri zinazowalisha watu unaowaweka kwenye video. Kila mlango wa nyumba hii naujua urefu wake, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki ndani yake.

Aibu yako ya bar uliivua ukamvika Mama. Mama hakuwa na aibu. Vainqueur alimwambia apumzike, hakumcheka, na alichotaka Mama ni kusikika na dada yake aliyelala ardhini. Aliyetaka kuonekana ulikuwa wewe.

Kidole gumba kinafanya kazi. Cha pili na cha kati vinakunjika nusu. Viwili vya mwisho havikunjiki. Alilishusha gitaa peke yake, nilikuwa jikoni, nikasikia anabana, kisha waya unatoa sauti ya kopo. Akajaribu tena. Kopo. Akalirudisha kwenye msumari, akaja kuniuliza kama chumvi imekolea.

Ampli yako nimeipeleka kanisani. Nimeiandika kwa rangi nyekundu ubavuni: WABEBE WANAUME WANNE. Vainqueur alinuna. Nikamwambia, weye pumzika, mashine iko.

Usitume kitu.

Honorine


Lubumbashi, 2 Agosti 2024

Yaya Honorine,

Amani iwe mlangoni kwenu, mlango huo huo mfupi.

Ulisema nisitume kitu. Natuma. Barua hii na kado viko kwa Thierry, rafiki yangu anayekuja Uvira kwa boti. Nimempa masharti: asimwambie mtu, asipige kelele, aingie kwako dukani kama mteja wa batri. Nimeifunga kwenye kile kitenge Mama alichonipa nilipoondoka.

Kilo mbili na nusu kamili, nimeipima kwa muuza unga.

Nimeijaribu chumbani kabla ya kuifunga, na nilisikia makosa yangu yote. Kwenye kubwa makosa yanajificha ndani ya kelele, watu wanacheza, unadhani unajua kupiga. Hii ndogo ilikaa pale mezani ikaniambia ukweli kila nilipogusa waya. Sikumaliza wimbo.

Kama Mama hawezi kuitumia, iweke tu karibu naye.

Mdogo wako,
Osée


Kimanga, Uvira, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Osée,

Nakusalimu, na safari hii salamu ina mwenyewe: Mama amesema niiandike kwanza kabla ya hasira zangu. Ni mzima. Anauliza kama unakula.

Thierry alikuja dukani akaomba batri ya redio kwa sauti ya mwizi. Mzigo niliupima kwa Eliane: kilo mbili na gramu mia tatu. Muuza unga wako anakuibia gramu mia mbili kwenye kila kipimo, hama.

Mama alifungua kitenge chake mwenyewe. Ampli aliiweka kando. Alinusa kitenge. Kisha akaninyooshea gitaa, mimi, ambaye sijawahi kushika waya usio na umeme, akasema: "Kaa hapa kushoto. Minye nitagonga, weye utabana."

Nikakataa. Nikamwambia mimi ni fundi. "Basi tengeneza," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tunakaa tumebanana kama abiria wa moto, pikipiki moja, gitaa liko pajani mwake, mkono wake wa kulia unagonga, mkono wangu wa kushoto unabana. Zamu ya kubadili vidole ikifika ananikanyaga mguu. Nikikosea ananikanyaga zaidi. Na hiyo ampli haifichi kitu, kweli, ulisema sawa. Nilikosea mbele ya Eliane, ya paka, ya kila mteja. Vidole vyangu vimepasuka ncha, sasa natengeneza simu huku nimevifunga plasta. Nyimbo tatu nazijua.

Kiringye tulienda kwa moto, Mama katikati, ampli begani mwake kwa mkanda, kama mkoba wa kwenda kanisani. Hakumpa mtu. Vainqueur alikuwa ametangulia na watu wake, wanne kwenye ampli yako, waliwasha groupe, ikanguruma mara mbili ikazima: maji kwenye mazuti. Walikuwa bado wanaipuliza tulipoketi mkekani. Mama aliiweka ampli chini ya upindo wa kitenge chake, akanikanyaga, tukaanza.

Watu wa nyuma waliacha kuongea. Halafu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kwa makalio, mpaka magoti yao yakagusa mkeka wetu. Bibi mmoja wa Kiringye, mpofu, alisema kwa Kirundi kwamba Consolate amerudi. Mama hakuinua macho. Alinikanyaga tu, nikabadili.

Hakuna aliyeiona hiyo ampli, Osée. Walisikia. Tukirudi mtu mmoja aliniuliza sauti ilikuwa inatoka wapi, nikamwambia, kwa Mama.

Video sikuchukua.

Usidhani nimekusamehe. Kila asubuhi namfungia Mama vifungo vya blauzi, na kila kifungo nakukumbuka. Lakini kuna wimbo wa nne, ule Consolate aliokuwa akiupenda, hatukuupiga. Huo unataka vidole vinavyoruka mbali, na vya kwangu havifiki, nimepima. Mama anasema vya kwako vinafika.

Noeli kuna boti kutoka Kalemie. Njoo na mkono wako wa kushoto. Usibebe kitu kingine.

Dada yako,
Honorine