Namba Kumi na Mbili Nyepesi, na Mtoto Mgongoni

Dada Yudith mpendwa,

Kwanza unisamehe kwa kuchelewa kuandika, tangu Blessing aanze kutambaa sina mkono wa kushika kalamu, hata sasa naandika huku ananyonya. Naomba msaada, wewe unayezijua bunduki. Marehemu baba yangu, mzee Vitus wa Iringa, alinifundisha kuwinda kwale na kanga nikiwa binti, na hapa Mbalizi nilikoolewa huwa natoka na shemeji yangu Fanueli msimu ukifunguliwa, vibali tunavyo, na nyama ile ndiyo inatusogeza mume wangu akiwa machimboni Makongolosi. Sasa mume wangu kaniambia, "Mama Blessing, nakununulia bunduki yako ya marisau, namba kumi na mbili, tena nyepesi, usichoke vilimani." Mimi nataka namba ishirini, ile ya mtutu mwembamba kidogo, lakini shemeji anacheka mpaka anashika mbavu: "Shemeji, hiyo ya kutishia kuku! Kanga atakuuliza umepotea njia?" Nami nina sababu: msimu uliopita niliazima hiyo hiyo kumi na mbili nyepesi ya kwake, nikapanda nayo mtoto akiwa mgongoni maana nyumbani hakuna wa kumwachia, kwale wakaruka, nikapiga, kumbe kitako cha bunduki kimekaa juu ya fundo la kitenge cha mbeleko, kikateleza, kikanigonga mfupa wa bega hadi nikakaa chini. Mtoto hakulia, alitulia tu kama kapigwa ganzi, na siku hizi nikimwita kwa nyuma mara anageuka, mara hageuki, labda ni michezo yake. Bega linauma na usingizi sipati. Mume wangu analipia mwisho wa mwezi. Nitumie haya tu: namba ya kuchukua, uzito unaomfaa mwanamke wa kupanda vilima, na maneno ya kumwambia mume wangu asione namdharau.

Mama Blessing, Mbalizi

Mama Blessing,

Pole kwa bega. Bunduki nyepesi yenye risasi nzito ina shukrani ya punda: inakubebea mzigo kidogo, kisha inakupiga teke. Chukua namba ishirini, uzito kilo tatu kasoro kidogo, isipungue sana hapo. Kwale hafi kwa upana wa mtutu, anakufa kwa kulengwa. Ijaribu begani kabla ya kulipa, kitako kikae kwenye nyama, uulize na kama risasi zake zinapatikana huko. Zisichanganyike na za Fanueli hata siku moja! Ya ishirini ikiingia kwenye kumi na mbili inazama mtutuni, akiweka nyingine nyuma yake akafyatua, mtutu unapasuka usoni. Mume wako mwambie hivi: "Baba Blessing, ndege ni wetu sote, bega ni langu." Atacheka, atakubali.

Umeomba matatu, nimekupa. La nne umelifukia katikati ya barua kama mbegu, ukidhani sitalifukua. Bunduki ililia karibu na sikio la mtoto, dada yangu. Najua huna wa kumwachia, lakini mtoto mgongoni na bunduki begani, hapana. Asipopatikana mtu, kwale wasubiri.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali, mweleze daktari yote, na habari ya kitenge usiifiche. Huenda si kitu, ila hilo aliseme yeye, tusijisemee sisi. Hela ya bunduki isitoke kabla ya hapo.

Kisha unitumie majibu: sikio la kulia, sikio la kushoto. Ya kanga sina haraka nayo.