Bango la Baba Ukutani kwa Makasi

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo huko ugenini? Mgongo umepoa au bado unakusumbua? Shemeji na watoto je? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, anatembea, na ulimi wake ungali mkali vilevile. Mwenye homa ni mimi, nayo si ya kupimwa hospitali. Ni wivu, kaka yangu, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Unajua ninavyokusanya mabango ya zamani, yale yaliyobandikwa mjini kila mwaka askari wa kikosi cha Baba walipokutana baada ya vita. Kwa ajili ya mabango hayo nimeingia mabanda yenye nyuki, nimebandua karatasi ukutani kwa mvuke wa birika, nimebembeleza wajane. Nililolitafuta kuliko yote ni la mkutano wa kwanza, ambamo mchoraji alimchora Baba akipuliza tarumbeta. Tangu nyumba yetu ile iungue, picha ya ujana wake hatuna hata moja.

Basi mwezi uliopita akaingia Makasi, huyu kinyozi aliyemwoa mdogo wetu, kabana karatasi kwapani kama gazeti la jana.

"Shemeji, nitengenezee fremu."

Nikakunjua. Baba! Mashavu yamevimba, kofia imekaa upande, kijana mdogo kuliko mimi wa leo. Nikakaa juu ya mbao.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa mjane wa mchoraji. Marehemu alipougua nilikuwa nakwenda kumnyoa kitandani. Juzi mama wa watu akaniambia nichague kitu cha kumkumbuka mumewe."

Hebu fikiria! Mjane yuleyule niliyemgongea mlango mpaka majirani wakanizoea, akinijibu kila mara kwamba hana kitu. Mimi sikujua hata kama ndani mna mgonjwa.

Nikamwambia Makasi achukue mabango yangu yote, aniachie hilo moja. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akainamisha kichwa.

"Omba kingine, shemeji. Hili hapana. Mke wangu hakumwona baba yake."

Ni kweli, Baba alifariki mdogo wetu akiwa tumboni.

Fremu nikaitengeneza, tena kwa ile mbao nzuri niliyojiwekea ya kitanda. Nilipiga randa huku nimeuma meno. Shetani alininong'oneza nimwagie karatasi ile chai. Nikamfukuza, lakini hakwenda mbali.

Sasa Baba yuko kwa kinyozi, juu ya kioo. Mama huenda huko kila asubuhi, hukalia kiti cha wateja na hataki kuondoka. Juzi alinipasulia usoni: "Chanda chema huvikwa pete." Anamsifu mkwe! Mabango yangu, miaka yote hii, hajayatupia hata jicho.

Niliapa sitakanyaga pale. Jana nikazisingizia ndevu, nikaenda. Mdogo wetu alikuwa akifagia nywele. Aliponiona akaegemeza ufagio, akanikumbatia, kisha akatoka nje.

Makasi akanifunga kitambaa shingoni. "Haraka au taratibu?"

"Taratibu."

Akaelewa, bazazi yule. Akakigeuza kiti kidogo nimwelekee Baba ukutani, akaninyoa kama mtu asiye na mteja mwingine duniani, kumbe benchi limejaa. Wivu wangu uko palepale, Kaka. Hata hivyo kesho nitarudi, na ndevu hazitakuwa zimeota.

Nisalimie shemeji, mabinti, na mjomba ukikutana naye. Mama anakuombea mkono wako usipungukiwe na njia yako isiwe na miiba. Mola akurudishe nyumbani salama, twende pamoja kunyolewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata roho inaponiuma,
Seremala