Mtu Niliyemzika kwa Jina la Masanja

Geita, Jumanne, Agosti 1951

Masanja yu hai. Mwezi uliopita nilimwandikia mama yake kwamba mwamba umemwangukia mgodini na tumemzika. Leo amesimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Karani, umeniua bila hata kuugua," akasema. Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama amenyoa nywele. Aliponiona mlangoni alinikimbia."

Risiti yake ya kodi iliibwa Kahama, kilabuni. Aliyeiiba alikuja nayo hapa kuomba kazi, nami nikanakili jina tu. Risiti ina jina la baba. Ilinipasa kumwuliza, nione kama analijua. Sikumwuliza, foleni ilikuwa ndefu.

Bwana mkubwa hajajua bado. Akijua, kazi sina.

Risiti yangu mwenyewe nimeishonea ndani ya shati, na nimemtajia mpishi wa kambi jina la baba yangu na kijiji chetu, ili nikifa…

Yule tuliyemzika simjui. Nakumbuka tu alivyoniambia, "Shikamoo, karani," ingawa tulikuwa rika moja.

Mama yake huyo, popote alipo, hajanyoa nywele. Bado anamwekea chakula.