Goti la Msabaha

Mardhiya, upo? Nimejifungia chooni hapa uwanjani Ilford.

Msabaha wangu unamjua. Kwenye mpira wa magongo hapitiki, misimu mitatu wanamwita Ukuta. Basi msimu huu ndio umeanza tu, mechi ya nne leo, na kila bao linapita kwake.

Leo mashabiki wetu wenyewe wamemgeukia. Mzee Firoz kapiga kelele, "Msabaha, nikuletee mto ulale?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, shoga. Nikasema kwa sauti, "Na nyumbani ndivyo alivyo!"

Hapo Hansa, yule dada anayeandika magoli, akasimama. "Mwacheni! Goti linamuuma tangu Agosti. Hata kuinama hawezi!"

Goti! Goti gani? Mimi nalala naye, mimi namfulia soksi, halafu habari za goti la mume wangu nazisikia kwa Hansa. Mbele ya watu!

Mechi ilipoisha nikamuuliza. Kasema, "Ningekwambia ungenizuia kucheza. Hansa ananifunga bendeji tu, Alhamisi baada ya mazoezi."

Bendeji TU. Kila Alhamisi. Tangu Agosti.

Unanijua mie si mtu wa fujo. Nimeingia huku nikatia komeo. Akaja kugonga, "Mke wangu, toka, watu wana njaa." Leo ni zamu yetu kulisha timu. Nikamjibu, "Kamwite Hansa apakue."

Nikangoja anibembeleze.

Mardhiya, kaenda kumwita.